Vinu vya upepo vya Uholanzi: ukienda tripu ya siku moja unaona nini hasa?

Mwaka 2025 manispaa ya Zaanstad kule Uholanzi ilitangaza kwamba kuanzia 2026 inataka mgeni anayeingia Zaanse Schans, kijiji cha vinu vya upepo karibu na Amsterdam, alipe kiingilio cha yuro 17.50, hela ambayo kwa shilingi ya Tanzania ni karibu elfu hamsini. Hapo ndo maneno yakaanza. Kijiji unakilipiaje kuingia, kwani ni mbuga ya wanyama? Wanaoishi humo nao wanalipa? Na yule aliyeshabuku tripu yake ya "vijiji vya asili na vinu vya upepo" atalipishwa tena akifika?

Shida ni kwamba kwenye hizi tripu wanakuuzia vitu vitatu tofauti ndani ya tiketi moja, na kwenye tangazo vyote vinaitwa kijiji cha asili. Kuna mitambo ya kutoa maji, kuna viwanda vya zamani, halafu kuna vijiji vyenyewe vya wavuvi. Ukishavitenganisha, hata hilo suala la kiingilio linaeleweka, na unajua pia usimame wapi muda mrefu na wapi upite tu.

Tuanze na kinu. Ukimtajia mtu kinu cha upepo anawaza kusaga unga, na akiona picha ya yale mapanga manne anawaza umeme. Vya umeme ni vile virefu vyeupe vyembamba unavyoviona mashambani na baharini, hiyo ni mitambo mingine kabisa. Hivi vya zamani vilichukua nguvu ya upepo na kuifanyisha kazi palepale, mapanga yanazungusha shafti iliyolala juu, shafti inazungusha magurudumu ya meno ya mbao, hayo yanazungusha nguzo iliyosimama katikati ya kinu mpaka chini, na huko chini ndo unafunga kazi unayoitaka. Unga vilisaga, ndiyo, tena kila mahali. Ila nchi ilijengwa na vya aina mbili zingine, vilivyokuwa vinatoa maji na vilivyokuwa viwanda.

Kwenye maji ndo kuna uongo mwingi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Polda ni kipande cha ardhi kilichozungushiwa tuta, halafu maji ya ndani yanatolewa kwa nguvu ili pabaki pakavu. Watu wanadhani tuta likishajengwa kazi imekwisha. Haijaisha, ndo kwanza inaanza. Fikiria jahazi, mbao zake zinazuia bahari lakini maji yanapenya kwenye maungio na mvua inanyesha juu, kwa hiyo lazima awepo baharia wa kufua maji, usiku na mchana, akilala chombo kinajaa. Polda ni hivyohivyo, tuta ni ubavu wa jahazi na kinu ni yule baharia. Mvua ikinyesha ndani ya polda maji hayana pa kwenda maana nje ya tuta mto uko juu kuliko shamba, sasa lazima kitu kiyanyanyue na kuyatupa nje.

Swali linalofuata huwa ni hili, waliendaje kuishi chini ya usawa wa bahari, hawakuona? Jibu ni kwamba sehemu kubwa haikuwa chini walipofika. Ilikuwa kinamasi, udongo wa mabaki ya mimea yaliyorundikana maelfu ya miaka, uliojaa maji, na ulikuwa juu kidogo ya usawa wa bahari. Zama za kati wakulima wakachimba mitaro kuukausha walime. Sasa udongo wa aina hiyo ukikauka unasinyaa, na hewa ikiingia unaoza na kupungua, kwa hiyo shamba likaanza kushuka. Likishuka linalowa, likilowa wanachimba mitaro zaidi, wakichimba linashuka tena, mpaka wakafika mahali mitaro peke yake haitoi maji. Karne ya 15 wakaleta vinu. Yaani shimo wamelitengeneza wenyewe kwa kilimo chao halafu wakalazimika kulihudumia milele, na mpaka leo maeneo mengi bado yanashuka.

Sehemu nyingine zilikuwa maziwa kabisa, wakayakausha. Beemster, kaskazini ya Amsterdam, lilikuwa ziwa, na mwaka 1612 likawa shamba baada ya kukaushwa kwa vinu zaidi ya arobaini. Ukilipita leo unaona mashamba yamepigwa rula, barabara zimenyooka hadi unachoka kuzitazama. Kinu kimoja kinanyanyua maji mita moja na nusu hivi, kwa hiyo kwenye maziwa yenye kina walivipanga kwa ngazi, cha kwanza kinampa cha pili, cha pili kinampa cha tatu. Na kama umewahi kuunganisha ndege Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, ukitoka Nairobi, Dar au Kilimanjaro, basi umeshakanyaga chini ya ziwa bila kujua, uwanja ule uko zaidi ya mita 3 chini ya usawa wa bahari, kwenye ziwa la Haarlemmermeer lililokaushwa kati ya 1849 na 1852. Ila hilo lilikaushwa kwa mashine za mvuke, sio upepo.

Hata hivyo sio nchi nzima iko chini ya bahari kama wanavyosema. Ni asilimia 26 hivi. Kuna ripoti ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2007 iliyoandika 55, na taasisi ya mazingira ya Uholanzi ikaja kueleza mwaka 2010 kwamba ilichanganywa, 55 ni jumla ya ardhi inayoweza kufikiwa na mafuriko ikiwemo ile iliyo juu ila iko karibu na mito. Sahihisho lilishatoka lakini tarakimu ya zamani inaendelea kutembea tu. Halafu kile kisa cha mtoto aliyeziba tuta kwa kidole chake usiku kucha akaokoa mji, hicho kilienezwa na mwandishi wa Marekani karne ya 19, wala sio kumbukumbu ya Waholanzi. Tuta ni kilima kirefu cha udongo, likilowa linaporomoka kipande kizima, kidole kitaziba nini pale? Mwaka 1953 matuta yalipasuka kusini magharibi ya nchi wakafa watu 1,836, na baada ya hapo ndo wakajenga mabwawa na mageti makubwa ya baharini. Kinachowalinda siku zote ni taasisi, wana bodi za maji ambazo zilianza karne ya 13, leo zimebaki 21, zinachaguliwa kwa kura na zinakusanya kodi yake yenyewe, na mwenye nyumba asipoipenda hiyo kodi hana pa kukimbilia.

Vinu vya kutoa maji utavikuta Kinderdijk, karibu na Rotterdam. Viko 19 vimejipanga kando ya mifereji, vingi vilijengwa kati ya 1738 na 1740, safu moja ya matofali na nyingine imeezekwa kwa matete, na UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1997. Kazi leo inafanywa na pampu za kisasa, pale pembeni utaona parafujo kubwa za chuma zinapandisha maji, lakini vinu bado ni vizima, wakati wa Vita Kuu ya Pili mafuta yalipokosekana vilirudishwa kazini. Na ndani wanaishi watu. Ukiona kamba ya nguo zinaanikwa kando ya kinu usidhani ni maonyesho, huyo mama kafua nguo zake. Viwili ndivyo vimefanywa makumbusho unaingia, na vyumba vyake ni vidogo hadi unajiuliza familia yenye watoto kumi ililalaje, maana katikati ya sebule inapita ile nguzo.

Kosa ninalolisikia sana ni mtu kubuku tripu ya vinu kutoka Amsterdam akiamini ataona vile 19 vya kwenye picha. Tripu za nusu siku karibu zote zinaenda kaskazini, Zaanse Schans, Volendam na Marken. Kinderdijk iko kusini, ni safari nyingine.

Sasa tuje Zaanse Schans, kwenye kiingilio. Vinu vyake karibu vyote havikuwa vya kutoa maji, vilikuwa viwanda. Mwaka 1593 jamaa mmoja wa Uitgeest anaitwa Cornelis Corneliszoon alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kinu cha kupasua mbao. Kazi kubwa aliyofanya ni kuweka krenki, ile ile fundi gari yeyote anayoijua, mzunguko wa mapanga ukageuzwa kuwa mwendo wa juu na chini, ukifunga misumeno hapo unapasua gogo zima kwa mbao kadhaa kwa mpigo. Wapasua mbao wa Amsterdam wa mkono waligoma kabisa kuvipokea, si unajua tena mkate wa mtu, kwa hiyo vinu vikaenda kando ya mto Zaan ambako hapakuwa na chama cha mafundi cha kuvizuia. Karne ya 18 bonde lile lilikuwa na vinu mamia, vya mbao, mafuta, karatasi, rangi, tumbaku. Wanahistoria wanaliita moja ya maeneo ya kwanza ya viwanda Ulaya, na ndo maana mwaka 1697 mfalme wa Urusi, Peter Mkuu, alikuja Zaandam kujifunza kuunda meli, akapanga kwenye kibanda cha mbao, akakaa siku chache tu maana watu walijaa kumshangaa.

Na meli za Waholanzi hazikuishia Ulaya. Mwaka 1607 na 1608 Waholanzi walikuja kuizingira ngome ya Wareno kisiwani Msumbiji, wakashindwa mara zote mbili. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kijani cha Zaan akakwambia ni maisha ya amani ya shamba, mwambie hapa palikuwa na kelele, vumbi na harufu, na huenda mbao zake zilifika hadi pwani zetu.

Mashine za mvuke zilipokuja vinu vikaanza kubomolewa. Katikati ya karne ya 19 nchi ilikuwa na vinu 10,000 hivi, leo vimebaki zaidi kidogo ya 1,000. Baada ya vita, msanifu majengo Jaap Schipper akatoa wazo kwamba nyumba za mbao zilizokuwa zinapisha ujenzi zihamishiwe sehemu moja, na kuanzia 1961 zikawa zinabebwa nzimanzima kwenye matrela na majahazi, nyumba kwa nyumba, mpaka Zaanse Schans. Kwa hiyo nyumba ni za kweli, vinu ni vya kweli, ila ujirani ni wa kupangwa. Kiwanda cha rangi hakikuwahi kukaa pua kwa pua na duka la jibini namna ile. Wengine wakilijua hili wanakasirika wanasema ni feki, mimi naona wangeviacha vilipokuwa leo tungekuwa tunaangalia maegesho ya magari.

Na kuna watu wanaishi, kama mia moja hivi. Mwaka 2024 walipokea wageni milioni 2.6. Piga hesabu mwenyewe uone kila mkazi anabeba wageni wangapi. Wanalalamika watu wanaingia bustanini, wanachungulia madirishani, wanapiga picha watoto wao. Mpaka mpango wa kiingilio unatangazwa, mitaa ilikuwa wazi bure na ulikuwa unalipia tu ukitaka kuingia kwenye kinu au makumbusho. Mpango wa manispaa ni kwamba hiyo 17.50 ijumuishe kuingia kwenye vinu na makumbusho, hela ikatunze vinu maana ukarabati wake ni balaa, na idadi ya watu ipungue. Wakazi hawalipi. Wenye maduka waling'aka, na unawaelewa, anayelipa getini anaweza asinunue jibini. Kwa aliyebuku kwa kampuni, hakuna jibu moja, inategemea tiketi yako imeandikwa nini, kwa hiyo andikia kampuni kabla ya safari uulize neno kwa neno kama kiingilio cha Zaanse Schans kimo.

Ukifika, usiishie kupiga picha nje. Ingia kinu cha mafuta kinachoitwa De Zoeker kama kinafanya kazi siku hiyo. Chini kuna mawe mawili makubwa ya mviringo yamesimama wima yanazunguka juu ya jiwe lingine, yanaponda mbegu za kitani, kisha unga wake unapashwa moto, unawekwa kwenye mifuko, halafu nguzo za mbao zinaachiwa zianguke kugongelea kabari hadi mafuta yachuruzike. Kinu kizima kinatetemeka na kila mlio unaupata kifuani, ukitoka hapo hutakiita tena pambo. Jirani yake De Kat kinasaga unga wa rangi kwa ajili ya wasanii, pembezoni yamepangwa magudulia ya rangi za madini. Na ukipanda nje kwenye baraza lake utaona mwendesha kinu anavyokigeuza kichwa kukielekeza kwenye upepo, anazungusha gurudumu kwa mikono na miguu, mnyororo unavuta ule mkia mrefu wa nyuma, mapanga yanahama taratibu. Upepo ukizidi anakunja matanga ya kitambaa yaliyo kwenye mapanga, ukipungua anayakunjua, ubaharia mtupu. Hii kazi ya uendeshaji UNESCO iliitambua kama urithi usioshikika mwaka 2017, na wengi wanaoifanya wanajitolea tu.

Harufu ya kakao utakayoisikia eneo lile sio ya maonyesho, kuna viwanda vya kakao jirani na bandari ya Amsterdam inapokea kakao nyingi mno, sehemu kubwa toka Afrika Magharibi.

Basi litakupeleka Volendam na Marken baada ya hapo. Hivi ni vijiji halisi vya wavuvi, vilipo ndipo vilipokuwa. Ila bahari yao imeondoka. Palikuwa na ghuba ya maji chumvi ikiitwa Zuiderzee, mwaka 1916 ikafurika vibaya, serikali ikaamua kuifunga, na mwaka 1932 likakamilika tuta la kilomita 32 lililoigeuza kuwa ziwa la maji baridi. Samaki wa baharini wakaisha, wavuvi wakabaki na mikunga na watalii. Volendam ni Wakatoliki, wachangamfu, maduka yamejaa ufukweni, na ile kofia nyeupe ya lesi yenye ncha unayodhani ni vazi la taifa la Uholanzi ni ya kijiji hiki kimoja. Marken ni Waprotestanti, kimya zaidi, na kilikuwa kisiwa mpaka mwaka 1957 walipokiunga na bara. Angalia nyumba zake zilivyosimama, nyingine juu ya vichuguu vya udongo, nyingine zilikuwa juu ya nguzo ili mafuriko yapite chini, na baada ya bahari kufungwa wenye nyumba wakaziba kule chini wakapata chumba cha ziada. Mimi ningekuwa nachagua ningeipa Marken muda wa Volendam, lakini makampuni mengi yanafanya kinyume chake.

Maonyesho ya viatu vya mbao na jibini ni bure kwa sababu mlango wa kutokea uko dukani, hilo lijue mapema. Vile viatu havifanani na mitalawanda yetu, vinafunika mguu wote, vinachongwa kwa mti laini kama popla, na mpaka leo kuna wakulima na wanaohudumia bustani wanaovivaa maana havipitishi tope na kitu kizito kikiangukia mguu vinakukinga. Mjini hutamkuta mtu kavaa. Jibini nalo, jina Gouda peke yake halijalindwa, inaweza kutengenezwa nchi yoyote, ukitaka ya Uholanzi kweli tafuta imeandikwa "Gouda Holland" au "Edam Holland", majina hayo yamelindwa kisheria Ulaya tangu 2010.

Je, ni lazima uende na mwongoza watalii? Kwa Zaanse Schans peke yake, hapana. Treni toka Amsterdam Centraal hadi kituo cha Zaandijk Zaanse Schans haifiki dakika ishirini, unagusisha kadi ya benki getini, ukishuka unatembea robo saa hivi. Tripu ya basi ina maana pale unapotaka vijiji vitatu kwa nusu siku, maana kuunganisha mabasi ya kawaida kutakula muda, na mwongozaji mzuri atakueleza ulichokiona. Lakini wanaondoka mapema, saa 3 asubuhi wengine hata kabla, basi halikusubiri, chakula kwa kawaida hakimo, na boti kati ya Volendam na Marken wengine wanaijumuisha wengine hapana. Beba koti hata Julai.

La mwisho ni kwa wanaounganisha ndege wakaona wana masaa nane Schiphol. Kutoka nje ya uwanja ni kuingia Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen hata kama anatoka masaa matatu tu, tiketi ya ndege ya kuendelea haiwi ruhusa. Viza hiyo ni yuro 90 na inaombwa kabla hujaondoka nyumbani, uwanjani hawatoi. Kama viza unayo na tarehe unaweza kuchagua, lenga wikiendi ya pili ya Mei, ndo siku zao za vinu kitaifa, mamia yanafungua milango nchi nzima, na siku zingine ukiona bendera ya bluu imepandishwa kwenye kinu jua mwenyewe yupo na unaruhusiwa kuingia.